Kioo Kikiwa Cheusi, Kompyuta Haijafa



Ofisi nyingi za matawi yetu zina kompyuta moja tu, nayo ni kuukuu. Ama mwajiri aliitoa baada ya kununua mpya, ama tawi liliinunua kwa michango. Ndani yake mna orodha ya wanachama, hesabu ya ada, na malalamiko ya wenzetu wanaopunjwa kilo kwenye mizani ya chai. Siku kioo kikikataa kuonyesha kitu, katibu hufadhaika, na muuzaji huja haraka na neno lake: "Hii imekufa, nunueni nyingine." Fedha za ada za miezi mingi hutoka, na pengine kilichohitajika ni kukaza skurubu mbili.

Kwanza tuelewane. Majina ya wanachama hayakai kwenye kioo. Yanakaa kwenye diski iliyo ndani ya sanduku. Kioo kikiharibika, diski yaweza kuwa nzima kabisa. Hata sanduku lenyewe likifa, diski hutolewa ikasomwa kwenye kompyuta nyingine. Kwa hiyo muuzaji akisema, "Niachieni ile mbovu," toeni diski kwanza. Majina ya mashahidi wenu yasibaki dukani.

ANZA NJE

Kama tufanyavyo kwa mashine ya kiwandani, tunaanza na umeme. Taa ya kioo inawaka? Kama haiwaki kabisa, tazama waya wa umeme, soketi na swichi. Kama inawaka rangi ya machungwa, au kioo kinaandika No Signal, basi kioo ni kizima ila picha haikifikii. Hapo lawama ni ya waya wa picha, au ya sanduku lenyewe.

Waya wa zamani huitwa VGA. Aina hii ilitolewa na kampuni ya IBM mwaka 1987. Kichwa chake kina nafasi 15 za pini, safu tatu za tano tano, na skurubu mbili za kukazia. Chomoa na utazame kama kuna pini iliyopinda. Usishtuke ukikuta pini moja ya safu ya kati haipo, maana waya nyingi hutoka kiwandani bila pini ya 9. Mtu asikuuzie waya mpya kwa sababu hiyo. Lakini picha ikiwa ya manjano tupu, rangi ya buluu haipiti. Ikiwa ya zambarau, kijani hakipiti. Hapo ni pini au waya.

Tazama pia nyuma ya sanduku. Kama kuna matundu mawili ya picha, moja liko kwenye kadi iliyoongezwa baadaye. Kwa kawaida kadi ikiwekwa, tundu la awali huzimwa. Chomeka kwenye kadi.

KISHA INGIA NDANI

Kama sanduku linapiga milio na kioo hakionyeshi chochote, mara nyingi shida ni vibao vya kumbukumbu, yaani RAM. Chomoa waya wa umeme ukutani. Shika chuma cha sanduku ili umeme wa mwilini utoke. Toa vibao, pangusa meno yake ya shaba kwa ufutio wa shule, puliza vumbi, kisha virudishe kwa kukandamiza mpaka vishikizo vifunge. Katika viwanda vya vumbi na mashamba yenye unyevu, kazi hii peke yake huponya mashine nyingi.

Onyo: usifungue kamwe kioo cha zamani chenye kisogo kikubwa, wala kisanduku cha umeme kilicho ndani ya kompyuta. Kioo cha namna hiyo huhifadhi maelfu ya volti hata kikiwa kimechomolewa. Chama hakitaki kuzika mtu kwa sababu ya picha.

JINA LA KIWANDA LIKIONEKANA, KISHA GIZA

Hii ni habari njema. Mashine, waya na kioo vinafanya kazi. Kilichokosewa ni mpangilio wa programu. Kompyuta inatuma picha ambayo kioo hakiwezi kuipokea, na kioo hulalamika Out of Range.

Kwa Windows XP au Windows 7, washa na ugonge kitufe cha F8 mara kwa mara, kisha chagua Safe Mode. Picha itakuja kubwa na duni, lakini utaona. Nenda kwenye mpangilio wa kioo, weka nukta 1024 kwa 768 na mwendo wa mara 60 kwa sekunde. Vioo vingi vya zamani hukubali kipimo hicho.

Kwa Linux, orodha ya kuwashia ikitokea, gonga herufi e. Tafuta mstari unaoanza na neno linux, mwishoni mwake ongeza neno nomodeset, kisha gonga F10. Badiliko hilo ni la safari hiyo moja tu. Ukishaingia, rekebisha programu inayoendesha kadi ya picha.

MZIGO ULINGANE NA PUNDA

Windows XP iliachwa bila matengenezo mwaka 2014, na Windows 7 mwaka 2020. Mashine yenye orodha ya wanachama isiunganishwe na intaneti kwa programu hizo. Zipo Linux za bure zenye sura nyepesi, kama Xfce na LXQt, zinazofaa mashine dhaifu. Ila uliza kwanza kama mashine ni ya biti 32 au 64. Debian 13 ya mwaka 2025 haina tena toleo la kusimika kwenye mashine za biti 32. AntiX bado inazikubali.

WAJIBU WA TAWI

Kila tawi lichague watu wawili wajifunze hatua hizi, na mmoja awe kijana. Nakili orodha ya wanachama kwenye flashi kila mwisho wa mwezi, na nakala ya karatasi ikae kabatini. Na kabla ya kutoa hata senti ya ada, kamati imwulize fundi: "Umepima waya? Umejaribu kioo kingine? Umepangusa RAM?" Asiyeweza kujibu, asilipwe.