Loweka maharage, okoa mkaa

Mzazi mwenzangu, ndoo ya mkaa uliyotegemea ifike Jumapili inaisha Alhamisi? Anzia kwenye maharage.

Jioni yachambue, yaoshe, kisha yaloweke hadi asubuhi. Kazi hiyo mpe mtoto, ataizoea. Asubuhi maji ya kulowekea mwagia mchicha, injika maharage kwa maji mapya na ufunike sufuria. Yaache yachemke kwa nguvu dakika 10, ndipo upunguze moto. Yataiva mapema, maana yameshalainika. Kuongeza moto hakuyaivishi upesi, kunakausha maji tu.

Yakiiva, makaa yaliyobaki yatie kwenye kopo la bati lenye mfuniko, uliache nje. Yakikosa hewa yatazimika, na kesho utayawasha tena. Miti itapona, na hela ya mkaa itanunua daftari.