Treni ya Mezani, Treni ya Bustanini

Katika Makumbusho ya Reli jijini Nairobi kimesimama kichwa cha treni nambari 5918, kiitwacho Mount Gelai. Ni kimoja kati ya vichwa 34 vya mvuke vya daraja la 59, ambavyo kampuni ya Beyer Peacock ya Manchester iliviunda katikati ya miaka ya 1950 kwa ajili ya reli ya Afrika Mashariki. Vyote vilipewa majina ya milima. Kina urefu wa karibu mita 32 na uzito wa takriban tani 250.

Sasa tukipunguze mpaka kienee nyumbani. Watengenezaji wa treni za mfano hufanya kazi kwa skeli, kama wachora ramani. Skeli iliyoenea kuliko zote ni HO, yaani 1:87: kila sentimita 87 za treni halisi huwa sentimita moja. N ni ndogo zaidi, 1:160. Kwa upande wa kubwa kuna G, ambayo kampuni ya Kijerumani ya LGB iliitoa mwaka 1968 kwa skeli ya 1:22.5. Kwa N, Mount Gelai kitakuwa na sentimita 20, kama rula fupi ya shule. Kwa HO kitafika sentimita 36. Kwa G kitakuwa na mita 1.41, kimo cha mtoto anayekaribia kumaliza shule ya msingi.

Kichwa cha G huuzwa ghali kuliko cha HO, na watu wengi wana jibu tayari: kikubwa kimekula plastiki nyingi. Jibu hilo halijakosea, na hesabu yake inashangaza. G ni ndefu kuliko HO karibu mara nne tu, lakini kitu kikirefuka hupanuka na kuinuka pia. Nne mara nne mara nne ni 64. Tukitumia uwiano kamili tunapata 58. Kama Mount Gelai kingepunguzwa pamoja na vyuma vyake vyote, cha HO kingekuwa na uzito wa gramu 380, na cha G kilo 22.

Lakini mfano ni ganda lenye uwazi ndani, na plastiki si mali ya thamani. Treni kubwa za watoto zinazopangwa barabarani pamoja na mipira na midoli hazimfilisi mtu. Kinyume chake, skeli ya Z ya 1:220, iliyotolewa na Märklin mwaka 1972, ina vichwa vinavyoenea kiganjani, na bado si vya bei ya chee. Kilo, basi, haitoshi kueleza bei.

Tazama ribiti moja, yenye kichwa cha milimita 25 kwenye treni halisi. Kwa N inakuwa sehemu ndogo ya milimita, hata ikiachwa hakuna atakayelalamika. Kwa HO inatosha kuwa kinundu kidogo kwenye ganda. Kwa G imevuka milimita moja, na mnunuzi anaweza kuzihesabu. Atachungulia pia chumba cha dereva akitafuta geji za presha, mikono ya mitambo na mlango wa tanuri. Kila kitu ambacho jicho limeanza kukiona kinadai kuchorwa, kutengenezwa, kupakwa rangi na kupachikwa, mara nyingi kwa mkono. Ongeza mota yenye nguvu ya kuvuta uzito huo na umeme wa kuilisha. Na kwa kuwa G nyingi huishi bustanini, plastiki yake lazima istahimili jua, na reli zake, ambazo mara nyingi ni za shaba njano, zistahimili mvua.

Hata hivyo, gharama nzito zaidi hulipwa kabla ya kichwa cha kwanza kutoka kiwandani, nayo ni kalibu. Kalibu za chuma za kumiminia plastiki huchongwa kwa usahihi mkubwa, na bei yake haibadiliki hata ukitoa nakala kumi au elfu kumi. Aliyewahi kuchapisha kadi za harusi anaijua hesabu hii: kadi 50 na kadi 500 zina kazi ileile ya kusanifu na kupanga mashine, kwa hiyo mwenye 50 hulipa zaidi kwa kila kadi. Tuseme kalibu za kichwa kimoja ni shilingi milioni 100. Zikiuzwa nakala 10,000, kila mnunuzi anabeba shilingi 10,000. Zikiuzwa 500, kila mmoja anabeba 200,000, na hapo plastiki bado haijahesabiwa.

Wanunuzi wa skeli kubwa ni wachache kwa sababu ya nafasi. Chukua stesheni yenye njia za mita 500. Kwa N inataka mita tatu na kidogo, yaani ukuta mmoja wa chumba. Kwa HO inakaribia sita, na mwenye nyumba ataanza kujadiliana na familia. Kwa G ni mita 22, na hapo panahitajika bustani. Kwa hiyo ukubwa unapandisha bei kwa kuzunguka: unawapunguza wenye pa kuiweka, wakipungua nakala zinapungua, na gharama ya kalibu inawaelemea waliobaki.

LGB waliichagua 1:22.5 kwa sababu maalumu. Reli za G zina upana wa milimita 45, na 45 mara 22.5 ni kama milimita 1,012, yaani reli ya mita moja, kipimo kilekile kilichowekwa kutoka Mombasa kuelekea Ziwa Victoria na ambacho daraja la 59 liliundiwa. Anayetamani Mount Gelai bustanini kwake atazipata dukani reli za upana unaomfaa. Kazi iliyobaki ni kuwapata wenzake wa kuchangia kalibu.