Sinema Moja, Maoni Mawili

Mhakiki ni mtu anayetazama sinema au kusoma kitabu, kisha akaeleza uzuri wake na kasoro zake. Je, wahakiki wote husema mamoja? La, hasha. Tuone mfano.

Mwaka 2013 ilitoka sinema ya Kimarekani iitwayo The Secret Life of Walter Mitty. Aliyeiongoza ni Ben Stiller, na yeye mwenyewe ndiye Walter. Walter anatunza picha katika jarida. Ni mtu wa ndoto za mchana tu. Jarida linakaribia kufungwa, na picha ya toleo la mwisho haionekani. Basi anafunga safari: Greenland, Iceland, mpaka milima ya Afghanistan. Kumbe picha ilikuwa ndani ya pochi aliyopewa zawadi, naye akaitupa! Mama yake ndiye aliyeiokota. Na picha yenyewe ni ya nani? Ni ya Walter, yuko kazini.

Wahakiki waligawanyika. Wengine walisifu mandhari ya bahari na milima. Wengine walisema hadithi ni nyepesi, tena mahali pengine inafanana na tangazo la biashara.

Nani mkweli? Huenda wote, maana huyu alitazama mandhari, yule alipima hadithi. Kwa hiyo ukisoma maoni, usiulize tu, "Amesifu au amelaumu?" Uliza, "Ametoa sababu gani?" Kujua kusoma ni pamoja na kupima.

Haya, jadilianeni: ilikuwa lazima Walter asafiri mbali hivyo ndipo ajione?