Sauti inapoachana na midomo: namna ya kurekebisha video bila kupoteza kumbukumbu

Familia nyingi za Waswahili mjini Bujumbura, Kigali na Kampala sasa huweka kumbukumbu zao ndani ya simu: mzee akitaja nasaba ya ukoo, akdi ya ndoa, au nasaha za mama kwa wanawe. Mara nyingi faili huwa moja tu. Inapofunguliwa kwenye kompyuta, midomo ikatangulia na maneno yakafuata nyuma, hasara si ya macho peke yake. Mtazamaji asiyemjua mzee huyo anaweza kushuku kwamba maneno yamepachikwa, na ushahidi wa ukoo ukapoteza thamani yake.

Hata hivyo, katika hali nyingi hakuna kilichopotea. Picha ipo na sauti ipo. Kilichovurugika ni mpangilio wa wakati baina yao.

Kwa nini jicho hugundua haraka

Faili ya video hubeba mikondo miwili iliyotengana, mmoja wa picha na mwingine wa sauti. Programu inayoicheza hufuata alama za wakati ili kuilinganisha. Alama hizo zikikosewa, mikondo hupishana.

Binadamu amezoea sauti kuchelewa. Mtu anayepasua kuni umbali wa mita 340 huonekana akishusha shoka, na kishindo hufika baada ya sekunde moja hivi. Sauti kutangulia tendo, kinyume chake, ni jambo lisilotokea katika maumbile. Ndiyo maana mapendekezo ya Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, yanaeleza kwamba mtazamaji huanza kugundua kasoro sauti inapotangulia kwa takriban milisekunde 45, lakini inapochelewa hagundui hadi kufikia takriban milisekunde 125.

Pengo la aina mbili

Kabla ya kugusa chochote, inafaa kubainisha aina ya kasoro. Kwanza, visikilizio visivyo na waya viondolewe, kwa kuwa vyenyewe huchelewesha sauti na faili ikalaumiwa bure. Kisha video itazamwe mwanzoni, katikati na mwishoni. Maneno kama "baba" na "mama" ni kipimo kizuri, kwa sababu herufi b na m hazitamkiki bila midomo kufumbwa.

Iwapo pengo ni lile lile mwanzo hadi mwisho, kasoro ni ya kuhama: sauti imeanza mapema au imechelewa kuanza. Iwapo mwanzo ni sawa lakini pengo linakua kadiri dakika zinavyopita, kasoro ni ya kasi: mkondo mmoja unakwenda haraka kuliko mwenzake. Tiba ya kasoro ya kwanza haiponyi ya pili. Anayesogeza sauti yenye kasoro ya kasi hurekebisha dakika moja na kuharibu nyingine.

Kasi hupotea wapi

Chanzo kikubwa siku hizi ni simu. Simu nyingi hazirekodi fremu kwa kasi moja. Penye mwanga hafifu hupunguza idadi yake kwa sekunde. Baadhi ya programu za kuhariri huchukulia kwamba kasi haikubadilika, na hapo picha huachana na sauti.

Chanzo cha pili ni cha kihistoria. Mwaka 1953 Marekani ilipoidhinisha mfumo wake wa televisheni ya rangi, kasi ya fremu 30 kwa sekunde ilipunguzwa hadi 29.97 ili mawimbi ya rangi na ya sauti yasiingiliane. Tofauti hiyo ni sehemu moja tu kwa elfu, lakini programu ikichanganya kasi hizo mbili, pengo hufikia sekunde 3.6 kwa saa moja.

Chanzo cha tatu ni sampuli za sauti. Sauti iliyorekodiwa kwa sampuli 48,000 kwa sekunde ikichezwa kana kwamba ni 44,100, saa moja hurefuka kupita dakika 65, na msemaji husikika mwenye sauti nzito kuliko ilivyo.

Tiba

Hatua ya kwanza ni kunakili faili na kufanya kazi kwenye nakala.

Kwa pengo lisilobadilika, programu ya VLC, inayopatikana bila malipo, hutumia vitufe J na K kwenye Windows na Linux. Kila mbofyo husogeza sauti kwa milisekunde 50. Marekebisho hayo ni ya kutazamia tu na hayabadilishi faili. Kiasi kikishajulikana, MKVToolNix huweza kukiandika katika faili mpya bila kupunguza ubora wa picha wala sauti.

Kwa pengo linalokua katika video ya simu, faili ipitishwe kwanza kwenye HandBrake na kuchaguliwa kasi ya fremu isiyobadilika, kisha ndipo ihaririwe. Kama sauti ilinaswa kwa kifaa kingine, urefu wake ubadilishwe kwa Audacity. Tuseme makofi mawili yaliyopigana kwa muda wa sekunde 3,600 katika picha yameachana kwa sekunde 3,603.6 katika sauti: sauti ifupishwe hadi urefu wa picha, yaani kwa asilimia 0.1 hivi. Msemaji akisikika kwa sauti yake ya kawaida, ibadilishwe kasi ya maneno pekee. Akisikika mzito au mwembamba isivyo kawaida, ibadilishwe kasi pamoja na uzito wa sauti.

Kwa rekodi zijazo, mtu mmoja apige kofi mbele ya kamera mwanzoni na tena mwishoni. Kofi huacha alama kali katika sauti na fremu moja dhahiri katika picha, hivyo pengo hupimwa kwa uhakika pande zote mbili. Na faili ya awali isifutwe hata baada ya marekebisho kufaulu: ndiyo itakayothibitisha kwamba maneno ya mzee hayakuongezwa wala kupunguzwa.