Gari Moja, Tarakimu Mbili za Petroli

Gari dogo la fahari aina ya Lexus IS 250 lilipoanza kuuzwa Marekani kama toleo la mwaka 2006, karatasi iliyobandikwa kiooni ilieleza kuwa lile la gia za kujibadilisha lenyewe, linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, huenda maili 24 kwa galoni mjini na maili 32 katika barabara kuu. Toleo la 2008, lenye injini ile ile ya lita 2.5, liliandikiwa maili 21 na 29. Msomaji aweza kudhani kuwa mafundi walirudi nyuma. La, hasha! Kilichobadilika ni kipimo, wala si gari.

Kipimo chenyewe hakifanywi barabarani. Gari hufungwa ndani ya maabara, magurudumu yake yakizungusha rola nzito, na dereva hufuata ratiba ya mwendo iliyowekwa. Petroli nayo haipimwi kwa kutazama tangi. Sampuli ya moshi hukusanywa katika mifuko maalumu, kisha hupimwa kiasi cha kaboni kilichomo. Kaboni haipotei iunguapo. Kwa hiyo ile itokayo katika bomba la moshi ni ile ile iliyoingia pamoja na petroli. Mwanafunzi wa kemia atatambua hapa kanuni ya kutopotea kwa maada, na ni vigumu kupata mfano wake ulio mzuri zaidi.

Kasoro ilikuwa katika ratiba. Ile ya barabara kuu haikuvuka maili 60 kwa saa, na kiyoyozi kilizimwa. Kuanzia matoleo ya 2008, Shirika la Hifadhi ya Mazingira la Marekani liliongeza majaribio ya mwendo wa hadi maili 80 kwa saa, ya kiyoyozi katika joto la nyuzi 35 za Selsiasi, na ya baridi ya nyuzi 7 chini ya sifuri. Mwendo ukizidi mara mbili, ukinzani wa hewa huzidi mara nne. Kiyoyozi nacho huendeshwa kwa nguvu ya petroli. Ndiyo maana tarakimu zilishuka. Shirika hilo lilikokotoa upya hata tarakimu za magari ya zamani, na gari letu la 2006 likapata 21 na 29 vilevile. Mnunuzi wa gari lililotumika asilinganishe karatasi ya zamani na orodha mpya.

Upo mtego mwingine. Upungufu wa maili 3 waonekana sawa mjini na katika barabara kuu, lakini sivyo. Gawanya 235 kwa idadi ya maili, nawe utapata lita kwa kilomita 100. Mjini ulaji ulioandikwa ulipanda kutoka lita 9.8 hadi 11.2, katika barabara kuu, kutoka 7.4 hadi 8.1 tu. Anayetumia galoni ya Uingereza, ambayo ni kubwa zaidi, agawanye 282 badala ya 235.