Mwanafunzi Aeleze Sayansi Mpaka Kikundi Kielewe



Kila mwaka watoto wetu wa sekondari hutayarisha miradi ya Maonyesho ya Sayansi na Uhandisi ya Kenya, yale ambayo zamani yaliitwa Kongamano la Sayansi. Hushindana kuanzia shuleni hadi ngazi ya taifa. Waamuzi hawatazami chombo na chati peke yake, bali humsikiliza mwanafunzi na kumuuliza maswali. Kuna mtoto mwenye kazi nzuri anayeshindwa kwa sababu amekariri maneno makubwa asiyoweza kuyafafanua.

Sisi tunasema mahali pazuri pa mazoezi ni kikundini. Wapeni dakika 10 katika mkutano wenu. Na faida si ya mtoto pekee, maana sayansi nyingine inagusa afya ya nyumba zetu.

Tuchukue mfano wa kusafisha maji ya kisima kwa jua. Mwanafunzi asimame mbele ya kikundi hapa Mtongwe aseme, "Mionzi ya urujuanimno hudhoofisha vimelea." Akina mama watapiga makofi, kisha waende zao bila kujua la kufanya. Pengine mmoja ataanika maji ya tope ndani ya mtungi wa rangi, awape watoto akidhani ni salama. Hapo maelezo mabaya yameleta ugonjwa wa kuhara.

Basi mwanafunzi afanye hivi:

1. Aanze na shida. "Maji ya kisima yanaweza kuwa na vijidudu vya kuhara, na makaa ya kuchemshia ni ghali."

2. Aseme jambo lake kwa maneno ya nyumbani. "Jua linaua vijidudu. Jaza maji katika chupa safi ya plastiki isiyo na rangi, ya lita 1 au 2. Ilaze juu ya bati penye jua kwa muda wa saa 6. Kukiwa na mawingu mengi, iache siku 2 mfululizo."

3. Aonyeshe kwa vitendo. Asimamishe chupa iliyojaa juu ya gazeti, atazame kupitia mdomo wa chupa. Kichwa kikubwa cha habari kikisomeka, maji yanafaa. Kisiposomeka, jua halitapenya vizuri, yachujwe kwanza.

4. Ataje mipaka ya kazi yake. Jua haliondoi chumvi wala sumu za kemikali. Akificha hili, mwamuzi atalifichua.

5. Azungumze na watu, asizungumze na chati. Chati iwe na maneno machache, na herufi ambazo aliyeketi nyuma anaziona.

6. Akiulizwa asilolijua, aseme, "Hilo sijalipima." Kubahatisha jibu kunaharibu kazi yote.

Mfano mzuri unatoka Keriko, Kaunti ya Nakuru, alikofundisha hisabati na fizikia Bruda Peter Tabichi, Mfransisko aliyeshinda Tuzo ya Mwalimu Bora Duniani mwaka 2019. Mwaka 2018 wanafunzi wake walionyesha kwenye maonyesho ya taifa chombo cha kuwawezesha wasioona na wasiosikia kupima vitu. Tazameni: kazi yote inasemeka kwa sentensi moja, na kila mtu anajua itamfaa nani.

Nanyi wanakikundi mna kazi yenu. Msimcheke mtoto akikwama. Akimaliza, mama mmoja arudie maelezo kwa maneno yake mwenyewe. Akikosea, asilaumiwe; mwanafunzi ndiye atengeneze upya maelezo yake. Kisha ulizeni: Umejuaje? Umejaribu mara ngapi? Gharama yake ni kiasi gani? Waamuzi nao huuliza kama hayo, na kuuliza si ujinga.

Ya kujadili kikundini:

- Ni wanafunzi gani kijijini mwetu wana miradi mwaka huu?
- Tutawaita mkutano gani, na nani atazungumza na mwalimu wao?
- Ni shida gani yetu tungependa waichunguze?