JIWE LILILOTUPWA MWAMBAONI RUMONGE
Taarifa mbili za tukio moja, na funzo lake kwa askari

Mwezi Novemba mwaka 1871, jiwe lilitupwa kutoka ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, katika mwambao wa Rumonge, kuelekea mtumbwi uliokuwa ukipita. Halikumpata mtu. Hata hivyo jiwe hilo limo katika vitabu viwili mashuhuri, na kila kitabu kimelitupa kwa namna yake.

Ndugu msomaji aweza kuuliza: jiwe la zaidi ya miaka mia moja na hamsini lamhusu nini askari aliyeko zamu leo? Jibu letu ni fupi. Walio wengi kati yetu hawatatunga riwaya wala mashairi, lakini kila mmoja wetu ataandika taarifa. Ataandika taarifa ya doria, atajaza kitabu cha matukio kituoni, ataandika maelezo ya mtuhumiwa na ya shahidi. Wakubwa wake watatoa amri kwa kuitegemea taarifa hiyo, na hakimu atahukumu kwa kuitegemea. Basi yafaa tujue jinsi maneno yanavyofanya kazi katika maandishi yanayodai kusema kweli tupu.

Waandishi wetu wawili ni Dokta David Livingstone, mmisionari na mvumbuzi, na Henry Morton Stanley, aliyetumwa na gazeti la New York Herald kumtafuta. Walikutana Ujiji. Siku chache baadaye wakafunga safari ya mtumbwi kwenda kaskazini, wakiambaa na pwani ya Burundi, ili kujua kama mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia. Waliuona unaingia. Ni katika safari hiyo, kabla ya kufika kwenye mlango wa mto Murembwe, ndipo jiwe lilipotupwa.

Dokta Livingstone aliandika katika shajara yake, iliyochapishwa mwaka 1874 baada ya kifo chake. Chini ya tarehe 20 na 21 Novemba aeleza kwamba walipita mahali penye watu wengi sana; kwamba wanaume waliwaita washuke walipe hongo; kwamba mawe yalitupwa kwa hasira, na moja, yaonekana kwa kombeo, likaanguka karibu na mtumbwi. Stanley, katika kitabu chake cha mwaka 1872, asema kwamba jiwe lilipita karibu mno na mkono wake, kadiri ya futi moja. Hapo akapendekeza risasi ipigwe karibu na miguu ya wale watu. Dokta hakusema neno, lakini ilidhihirika kwamba hakupendezwa.

MKONO NA MTUMBWI

Tuanze na kipimo. Livingstone apima umbali wa jiwe kutoka kwenye mtumbwi. Stanley aupima kutoka kwenye mkono wake mwenyewe. Vipimo vyote viwili vyaweza kuwa sahihi, kwa maana mkono ulikuwa ndani ya mtumbwi. Lakini msomaji wa taarifa ya kwanza aona chombo kilichokoswa na jiwe, na msomaji wa taarifa ya pili ahisi upepo wa jiwe ukipita kwenye ngozi yake. Kisha, mara tu baada ya mkono, inakuja risasi. Kwa kuwekwa hapo risasi haionekani tena kuwa shauri jipya. Yaonekana kuwa jibu. Mpangilio wa sentensi umefanya kazi ya wakili, wala hapakuhitajika uongo wowote.

Sasa tulitazame neno dogo la Livingstone: yaonekana. Hakuliona kombeo. Aliona jiwe likija kwa nguvu kuliko nguvu ya mkono, akakisia. Na alipokisia, aliweka alama kwamba anakisia. Neno hili ni fungu dogo la wino, lakini humtenganisha shahidi na mpiga ramli. Askari anayeandika kwamba mtuhumiwa alikuwa na bunduki, ilhali aliona kitu kirefu gizani, amelifuta neno hilo, na huenda amefuta pamoja nalo uhai wa mtu.

Hata hivyo tusifanye haraka kumtukuza mmoja na kumlaani mwingine. Stanley alipenda chuku, yaani kulitia jambo ukubwa usiokuwa wake, na sifa hiyo yajulikana. Lakini ni yeye aliyeliandika pendekezo lake la risasi, na ni yeye aliyekiandika kimya cha mwenzake, ingawa kimya hicho kilimkaripia yeye. Katika maelezo ya Livingstone ya siku hizo risasi haimo. Lau tungekuwa na shajara peke yake, tusingejua kwamba siku ile bunduki ilikaribia kulia katika mwambao huu, na kwamba mzee mmoja aliizuia pasipo kufungua kinywa. Hivyo basi maandishi yenye mapambo si lazima yawe ya uongo, na maandishi makavu si lazima yawe kamili.

KUINGIA NDANI YA MIOYO

Naye Livingstone ana kosa lake. Usiku ule ule, asema, walitua chini ya jabali ili wapike. Watu wakaja kuwauliza habari zao, wakawaambia walale, kesho urafiki utafanywa. Baadaye wanaume wengine wakaja wakijificha nyuma ya mawe. Wasafiri wakaingia chomboni kimya kimya wakaondoka, na wale wa pwani wakapiga kelele. Hapo mwandishi wetu mtulivu atumia tashbihi: awafananisha na watu waliokoseshwa windo lao.

Tutenganishe kilichoonwa na kilichodhaniwa. Kilichoonwa ni watu kuja, kujificha, na kupiga kelele. Nia yao haikuonwa. Pengine ilikuwa mbaya. Lakini fikiri, ndugu msomaji uliyewahi kulinda ufuko usiku: chombo kigeni, chenye bunduki, kimetua chini ya kijiji chako bila idhini, katika zama ambazo wafanyabiashara ya watumwa walipita ziwani humo. Je, usingetuma watu wakatazame? Je, nao wasingejificha nyuma ya mawe? Kitendo kile kile chaitwa doria kikifanywa na sisi, na chaitwa uvamizi kikifanywa na wengine. Watu wa pwani hawakuacha maandishi, na kwa sababu hiyo tunawaona kutoka mtumbwini tu.

Na hilo neno hongo? Leo kila askari anajua kwamba hongo ni rushwa, na kwamba ni kosa. Katika karne ya kumi na tisa lilikuwa na maana nyingine pia: ushuru wa njia, nguo na shanga ambazo msafara uliwalipa wenye nchi ili upite. Msomaji wa leo akisoma kwamba watu wa mwambaoni walidai hongo, atawahukumu kwa neno la leo kwa jambo la jana. Watu wale walidai kilichodaiwa katika njia zote za misafara. Neno halikubadilika hata herufi moja. Sheria iliyo nyuma yake ndiyo iliyobadilika.

KUTOKA KALAMU HADI BUNDUKI

Miaka minne baadaye, mwaka 1875, Stanley alikuwa katika Ziwa Victoria bila mzee wa kumnyamazia. Alipokewa vibaya katika kisiwa cha Bumbire mwezi Aprili. Mwezi Agosti akarudi na mitumbwi na bunduki, akawapiga risasi watu waliosimama ufukoni. Barua zake kwa magazeti zilipochapishwa, Waingereza wengi walighadhibika. Mtindo wa kishujaa alioutegemea umpatie sifa ndio uliompa washitaki wake ushahidi. Majigambo ni silaha inayorudi nyuma.

Maandishi mafupi nayo yana hatari yake. Kusini mwa Bujumbura, pale Mugere, pana jiwe kubwa lililochongwa majina mawili, Livingstone na Stanley, pamoja na tarehe ya 25 Novemba 1871. Hakuna uongo juu yake: wawili hao walifika hapo siku hiyo, wakalala siku mbili. Lakini maandishi hayo hayana kitenzi. Msomaji akikosa kitenzi hujitungia chake, na wageni wengi wameondoka hapo wakiamini kwamba ndipo wawili hao walipokutana, ilhali walikutana Ujiji. Taarifa isiyosema nani alifanya nini humwachia msomaji aijaze kwa mazoea yake.

MWAKA 1972 NA MAJALADA YA LEO

Mwambao huu ulipata msiba mkubwa zaidi ya jiwe. Tarehe 29 Aprili 1972 waasi walishambulia Rumonge na Nyanza-Lac, wakaua wananchi, wengi wao Watutsi. Kisha serikali ya wakati ule na jeshi lake wakaua Wahutu kwa maelfu mengi katika nchi nzima. Tumeandika sentensi hizi mbili kwa kuwataja watendaji, maana kanuni tunayowashauri wengine inatubana na sisi.

Watu wengi walikimbilia Tanzania na kwingineko. Mashamba yao walipewa watu wengine, na mengine yaliingizwa katika miradi ya michikichi. Waliporudi, wengi wao baada ya Mapatano ya Arusha ya mwaka 2000, walikuta wengine wamejenga, wamelima na wamezika wazee wao hapo. Mwaka 2006 iliundwa tume ya taifa ya kushughulikia ardhi na mali hizo, na Rumonge na Nyanza-Lac zikawa miongoni mwa mahali penye mashauri mengi.

Katika shauri la namna hiyo, mara nyingi askari polisi ndiye wa kwanza kuandika. Akiandika kwamba shamba liliachwa mwaka 1972, ametumia tafsida: neno laini lililofunika jambo gumu. Kuachwa kwaonyesha hiari. Aliyekimbia risasi hakuacha. Akimwita anayelilima sasa mvamizi, amekosea upande wa pili, kwa maana huenda mtu huyo alipewa shamba na serikali na anayo hati mkononi. Neno moja limekwisha kuhukumu kabla hakimu hajaketi. Wajibu wa mwandishi ni kusema: huyu alilima hapa hadi mwaka fulani, akakimbia kwa sababu fulani, yule alipewa na ofisi fulani, mwaka fulani, kwa hati hii.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne. Kwanza, kila kitenzi kipewe mtendaji wake; na kama mtendaji hajulikani, iandikwe wazi kwamba hajulikani. Pili, kilichoonwa kitengwe na kilichodhaniwa, na dhana iwekewe alama yake. Tatu, tashbihi na sifa ziachwe nje ya taarifa, hasa zile zinazomfanya binadamu windo au mnyama. Nne, upande usiokuwa na kalamu uulizwe, na jibu lake liandikwe kwa maneno yake.

Mambo haya hayahitaji digrii. Yanahitaji askari aisome taarifa yake mara ya pili kabla ya kutia sahihi, na ajiulize kama mtu aliyesimama ufukoni angekubali kwamba ndivyo ilivyokuwa.